"Pesa zimeisha": kisa cha mnong'ono uliovuruga chama Umoja

Chama hiki ni cha wanawake kumi na watano wa mtaa wa Umoja, Nairobi, na mitaa ya jirani, na hukutana Jumapili moja kila mwezi, nyumba hadi nyumba. Kila mwanachama hutoa shilingi 2,000. Kati ya hizo, 1,000 humwendea aliyefikiwa na zamu ya mzunguko, 800 huwekwa benki, na 200 ni za chakula cha siku hiyo. Hizo mia mbili wao huziita pesa za mboga, hata mwezi wanaponunua kuku. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyelalamika kwamba shilingi yake imepotea. Kisha Jumapili moja mweka hazina akashukiwa wizi mbele ya wenzake wote, na chanzo kilikuwa sentensi fupi ambazo hazikutamkwa hata kwa sauti.

Mimi si mwanachama. Ninafundisha Kiswahili, na binti ya mweka hazina, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, ndiye aliyeniomba nizungumze na wahusika. Nilizungumza nao wanne, kila mmoja peke yake. Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna aliyedanganya. Masimulizi yao yanapishana, lakini kila mmoja anasema kweli kuhusu alichosikia na alichoona.

Mweka hazina ni mwalimu mstaafu anayekaribia miaka 70, na chamani humwita Mwalimu tu. Siku hiyo alikuwa akisoma hesabu ya mwaka, ukurasa kwa ukurasa. Pembeni yake aliketi katibu na daftari lake. Katibu alikuwa ametoka kesha kanisani Ijumaa usiku, akaimba hadi koo likakauka, na tangu hapo alikuwa akinong'ona tu. Mwenyeji wa siku hiyo, mdogo kuliko wote kiumri, alikuwa akiingia na kutoka jikoni. Kwenye sofa ya upande wa pili, akiwatazama hao watatu, aliketi mama anayeuza mitumba soko la Gikomba.

Mwenyeji aliona chakula hakitatosha. Alitaka kumtuma mtoto dukani, lakini hakujua kama pesa za mboga zilikuwa zimebaki. Akaja ameshika sufuria ya chapati kwa mikono miwili, akainama kwenye sikio la katibu, akauliza: "Pesa za mboga zimeisha?"

Katibu akajibu: "Zimeisha. Usimwambie."

Alikusudia kuendelea: ngoja Mwalimu amalize kusoma, si vizuri kumkatiza kwa mambo ya sukuma wiki. Pumzi ikamwishia, na mwenyeji tayari alikuwa ameinuka kurudi jikoni.

Huku sofani, muuza mitumba alisikia hivi: pesa, zimeisha, zimeisha, usimwambie.

Hakusema kitu hadi Mwalimu alipotaja kiasi kilichoko benki. Hapo akauliza kwa sauti ya kusikika jikoni: "Mwalimu, hizo pesa ziko ama zimeisha?" Aliyekuwa akitafuna akaacha kutafuna. Mwalimu naye alikuwa amewaona wale wawili wakiweka vichwa pamoja wakati anasoma. Akaufunga ukurasa, akachukua mkoba, akaondoka bila kujibu, na kuondoka kwake kukachukuliwa kuwa ndilo jibu. Siku chache baadaye taarifa ya benki ilionyesha kwamba pesa zote zipo, hakuna hata shilingi moja iliyopungua. Hata hivyo aliandika barua ya kujiuzulu.

Wengi waliosikia kisa hiki walisema ni umbea wa wanawake, wakafunga faili. Sikubaliani nao. Hapakuwa na umbea hapa. Palikuwa na maswali mawili yenye majibu: kwa nini muuza mitumba alisikia alichosikia, na kwa nini watu wawili wasio na siri yoyote walinong'ona.

Tuanze kooni. Kila aliyesoma fonetiki kidogo shuleni anakumbuka zoezi la kuweka vidole kwenye zoloto, ile sehemu ya koo inayotoa sauti, na kutamka zzz, kisha sss. Kwenye z kuna mtetemo. Ndiyo sauti ghuna. Kwenye s hakuna. Mtetemo huo ni wa nyuzi sauti, zinazogongana mara 200 hivi kwa sekunde kwa mwanamke mzima, na mara 100 na kidogo kwa mwanamume. Kasi hiyo ikipanda, tunasikia sauti imepanda, ikishuka, imeshuka. Kiimbo chote cha lugha kinakaa hapo.

Mtu anaponong'ona, nyuzi hizo hazitetemi kabisa. Huletwa karibu na kukazwa, lakini kwa nyuma, kwenye gegedu zinazozishikilia, hubaki mwanya mdogo. Hewa ya mapafu hulazimika kupita katika mwanya huo, ikivurugika na kufoka kama maji ya bomba uliloziba nusu kwa kidole. Huo mfoko ndio unaochukua nafasi ya sauti. Ulimi, midomo na meno huendelea na kazi yao ile ile, yakiupa mfoko huo umbo la a, e, i, o, u, na ndiyo maana tunaelewana. Kwa hiyo ni kosa kudhani mnong'ono ni usemi wa kawaida uliopunguzwa sauti. Ni usemi uliobadilishiwa chanzo, na baadhi ya vitu vilivyobebwa na chanzo cha kwanza havivuki kuja upande huu.

Sasa zipitishe sentensi zetu hapo. Katika "pesa za mboga zimeisha", s na sh hazikuhitaji mtetemo tangu mwanzo. Zinatengenezwa mdomoni kwa hewa inayokwaruzana na meno na ufizi, kwa hiyo katika mnong'ono hubaki karibu na nguvu zake zote. Z inapoteza ughuna wake na kusikika karibu na s, lakini mkwaruzo wake unabaki. Ndiyo sababu ukikaa maktaba au kwenye ibada, hukosi kusikia sss na shhh za watu wa benchi la nyuma hata usipoambulia neno. Mboga je? M, b, o, g, a: hakuna hata sauti moja humo isiyotegemea mtetemo wa nyuzi. Ukiliondolea mtetemo, neno hilo karibu linayeyuka. Kwa hiyo aliyekaa mbali kidogo akipata "pesa" na "zimeisha" na kukosa "mboga", masikio yake hayana hila. Sentensi yenyewe ndiyo iliyopotezea neno lake muhimu njiani.

Pigo la pili ni kubwa zaidi, na linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Swali letu la ndiyo au la halibadilishi mpangilio wa maneno. "Zimeisha" na "zimeisha?" ni neno lile lile, silabi zile zile. Tunaweza kutanguliza je, lakini katika mazungumzo ya kila siku Nairobi ni wangapi wanaotumia je? Tunaachia kiimbo kazi yote. Mnong'ono hauna kiimbo cha kawaida kwa sababu hauna mtetemo wa kupandisha wala kushusha. Mwenyeji aliuliza, lakini kilichotoka kinywani mwake kilikuwa na sura ya taarifa.

Niseme hapa kwamba swali halifi kabisa katika mnong'ono. Watu wanaonong'ona hujaribu kufidia: huivuta silabi ya mwisho, huongeza nguvu ya hewa, hubadilisha kidogo umbo la mdomo hadi irabu isikike kama iko juu zaidi. Lugha zinazotofautisha maana ya maneno kwa toni, kama Kichina, nazo hunong'onwa na watu wakaelewana kwa kiasi, kwa kutegemea urefu wa silabi, nguvu yake na muktadha. Kikuyu na Dholuo ni lugha za toni pia, na hakuna mji ambao hazinong'onwi humo. Lakini fidia hizo ni dhaifu na zinahitaji msaada. Katibu alikuwa na msaada huo: aliona nyusi za mwenyeji zimeinuka, na alijua ametoka jikoni. Muuza mitumba aliona kisogo, bega na sufuria.

Jibu la katibu nalo lilikatika kwa sababu za mwili, wala si za siri. Kwa vile mwanya wa kooni haufungiki, mnong'ono hutumia hewa nyingi kuliko sauti ya kawaida, na mnong'onaji huishiwa na pumzi mapema. Huongea vipande vipande. Katibu aliyekesha akiimba hakuwa na kifua cha sentensi ndefu. Akatoa "zimeisha", akatoa "usimwambie", na sehemu iliyobaki, ile ambayo ingeiokoa siku nzima, ikabaki kifuani. Usimwambie peke yake ni neno baya sana kulisikia kwenye chama cha pesa.

Nigusie koo lake pia, kwa kuwa aliniambia alikuwa akinong'ona ili kulipumzisha. Imani hiyo imeenea. Mwaka 2006 madaktari wa sauti nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 100 waliopigwa kamera kooni wakinong'ona. Kwa 69 kati yao, misuli iliyo juu ya nyuzi sauti ilikaza na kubana zaidi kuliko walipozungumza kawaida. Kwa 18 hapakuwa na tofauti, na kwa 13 hali ilikuwa nafuu. Kwa hiyo kwa wengi mnong'ono si mapumziko, ingawa kwa wachache huenda ukawa. Kunyamaza ndiko mapumziko, lakini mwambie katibu wa chama anyamaze siku ya hesabu.

Turudi sebuleni, kwa maana jiometria ya chumba ina mchango wake. Mnong'ono wa kawaida husikika kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 hivi mita moja kutoka mdomoni, wakati mazungumzo ya kawaida hufika 60. Kila umbali unapozidishwa mara mbili mahali pa wazi, desibeli 6 hupungua. Sikio la katibu lilikuwa sentimita 10 hivi kutoka kwenye mdomo wa mwenyeji, hivyo alipata kama 50, zinazotosha kabisa. Sofa ya pili, katika sebule za Umoja tunazozijua, ilikuwa mita moja na nusu au zaidi kidogo. Kwa hesabu hiyo muuza mitumba angepata 26 hivi, mnong'ono unaokaribia kumezwa na pumzi za waliomo chumbani. Angepaswa kusikia vumbi tu la maneno.

Lakini jirani kulikuwa na kanisa lenye spika nje. (Kanuni za serikali za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2009, na spika nazo zipo.) Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo kila kondakta wa matatu analifanya bila kufundishwa: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake pasipo kujua. Wanaonong'ona nao huongeza nguvu. Mwenyeji hakunong'ona ule mnong'ono laini wa kumlaza mtoto. Alinong'ona kwa nguvu, akishindana na besi. Na besi ndiyo hasa inayopenya kuta. Sauti nyembamba huachwa nje. Kwa hiyo chumba kilijaa mngurumo wa chini, huku sehemu ya juu, pale zinapokaa s na sh, ikiwa imebaki karibu wazi.

Kisha kuna mwelekeo. Sauti nyembamba huelekea mbele ya mdomo zaidi ya sauti nzito, na hushindwa kuzunguka vizuizi. Anayenong'ona sikioni mara nyingi hafikirii kwamba mdomo wake haulengi sikio pekee; unalenga pia kilicho nyuma ya sikio hilo. Kwa kawaida tunaweka kiganja pembeni mwa mdomo, na kiganja hicho hufanya kazi kweli. Mwenyeji alikuwa na sufuria mikononi. Mstari wa mdomo wake ulipita sikio la katibu ukaishia kwenye sofa ya muuza mitumba, na nyuma ya sofa hiyo kulikuwa na kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Vioo huakisi sauti nyembamba vizuri. Angeinama upande wa pili, mnong'ono ungeishia kwenye pazia na vitambaa vya kochi, na pengine nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Kwa hiyo swali la kwanza nadhani limejibika. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu mwenyeji mwenyewe hakuwa na jibu. "Sijui kwa nini nilinong'ona," aliniambia, "haikuwa siri." Tukazungumza zaidi, na sababu zikajitokeza mbili.

Ya kwanza ni kuambukizana. Mtu akinong'onezwa hujibu kwa mnong'ono, hata kama yeye koo lake ni zima. Jaribu nyumbani: mwulize mtu kwa mnong'ono chumvi iko wapi, uone kama hatajibu vivyo hivyo, pengine na kutazama mlangoni. Katibu alikuwa akinong'ona tangu saa sita mchana kwa sababu ya koo, na kila aliyemsogelea akashuka naye. Kikao kizima, upande ule, kilikuwa kinaendeshwa kwa minong'ono ambayo haikuficha kitu.

Ya pili ni heshima. Mwenyeji ni mdogo, Mwalimu ni mtu mzima na alikuwa na neno. Huwezi kusema juu ya sauti ya mkubwa wako. Hapo mnong'ono ulikuwa njia ya kuinama: mimi nipo, lakini sijifanyi mwenye kikao. Ni kinong'ono kile kile cha msibani, cha wodini, cha mtu aliyechelewa ibada na anauliza tumefika zaburi gani. Tukihesabu minong'ono yote ya siku moja Nairobi, sidhani kama ile ya siri itakuwa mingi kuliko hii ya adabu. Lakini ile ya siri ndiyo iliyolipa tendo hili jina lake, na kila anayeliona kwa mbali hulisoma kwa jina hilo.

Na Mwalimu aliliona. Hakusikia hata silabi moja, ingawa alikuwa karibu zaidi ya muuza mitumba. Uzee unapoanza kula masikio huanzia juu: seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti nyembamba katika sikio la ndani ndizo kwa kawaida huchakaa kwanza. Mtu wa umri wake anaweza kuzungumza nawe vizuri sebuleni, akacheka penye kicheko, kwa sababu irabu zenye mtetemo zinamfikia. Mnong'ono hauna sehemu hiyo ya chini. Umebaki na ile tu ambayo yeye ameanza kuipoteza. Binti yake alimpeleka kupimwa, na mojawapo ya vipimo ulikuwa mnong'ono wenyewe: mpimaji husimama nyuma ya mgonjwa kwa urefu wa mkono ili midomo isisomwe, hulisugua sikio moja ili lisisaidie, hutoa pumzi yote, kisha hunong'ona mchanganyiko wa namba na herufi tatu, mgonjwa arudie. Asipopata zote hupewa seti nyingine, na akikosa zaidi ya nusu kwa jumla hupelekwa kwa vipimo zaidi. Kipimo hakihitaji mtambo wowote, na bado kinategemewa. Mwalimu alipelekwa kwa vipimo zaidi.

Kwa hiyo wakati anasoma hesabu alichokuwa nacho ni picha bila sauti: wadogo wawili, vichwa pamoja, yeye katikati ya sentensi. Halafu swali la wizi likatoka sofani. Akaunganisha. Aliamini, na nadhani hadi leo anaamini kidogo, kwamba lile swali lilipangwa pale mbele ya macho yake.

Mwanachama mmoja wa Pumwani, Mwislamu, alilisema hili vizuri kuliko nilivyoweza mimi walipokutana kupatana. Alikumbusha hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim: mkiwa watatu, wawili wasinong'onezane bila ya wa tatu, kwa sababu hilo litamhuzunisha. Tazameni sababu iliyotolewa, alisema. Haikusemwa kwamba wawili hao watasema uwongo au watapanga maovu. Yaliyomo katika mnong'ono hayakuulizwa kabisa. Kilichotazamwa ni aliyebaki nje.

Chama kilijaribu kwanza njia ya chama: faini ya shilingi 100 kwa atakayenong'ona kikaoni. Faini ilidumu kikao kimoja. Katibu alikuwa bado hana sauti, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumtoza. Sasa taarifa ya benki hutumwa kwenye kundi lao la WhatsApp kabla ya Jumapili, na mwenyeji hupewa pesa za chakula mkononi siku iliyotangulia. Huo ni utaratibu mzuri kuliko faini, kwa sababu umeondoa sababu ya swali lenyewe badala ya kulinda namna ya kuliuliza. Mwalimu ameombwa mara kadhaa arudi hazina. Amekubali kurudi kama mwanachama wa kawaida, si zaidi.

Limebaki suala la muuza mitumba, ambalo wenzake hawajakubaliana. Ameomba radhi kwa kumwaibisha Mwalimu. Amekataa katakata kuomba radhi kwa alichosikia, na hapo niko upande wake: alisikia kilichofika. Ninapomlaumu ni kwenye zile dakika kadhaa kati ya kusikia na kuuliza. Katibu alikuwa mita moja na nusu mbele yake. Mwenyeji alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi. Alikuwa na watu wawili wa kuwauliza, na akamchagua wa tatu, ambaye peke yake mle chumbani hakuwa amesikia lolote.